Mapenzi Nayo ni Kolabo

Kila mtu ana msanii wake wa ujanani. Picha yake ulibandika ukutani, maneno ya nyimbo zake ukanakili nyuma ya daftari la Kemia, na ukamwapia rafiki yako kwamba duniani hakuna mwingine kama yeye. Sasa niambie, yuko wapi leo? Wengi wao waliimba miaka mitano, wakagombana na wenzao, wakapotea. Wanaofika miaka arobaini kazini, tena wakiwa bado na kitu kipya cha kusema, ni wa kuhesabu.

Mmoja wao ni Billy Bragg, Mwingereza, mzaliwa wa Barking, mashariki ya London, Desemba 20, 1957. Muziki wake ni panki iliyofunga ndoa na nyimbo za kiasili. Na tafadhali, simaanishi ile panki ya kinyozi uliyonyolewa ukarudishwa nyumbani na mwalimu wa zamu! Namaanisha ule muziki wa vijana wenye hasira uliolipuka Uingereza mwaka 1976 na 1977, gitaa linapigwa kama lina deni la mtu.

Utauliza, mama wa Kitanzania, mhasibu, watoto wawili, kaingiaje huko? Kwanza, naishi Barking. Pili, mume wangu anapiga gitaa. Tatu, na hili ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu, kuna daftari moja lililokaribia kuwagombanisha mume wangu na dada yake moja kwa moja. Huyu mzee wa Barking, bila hata kujua kama sisi tupo duniani, ndiye aliyetuonyesha namna ya kulishika.

Biriani ya uyoga

Ngoja nikupe historia kidogo, maana ukiona vyaelea, vimeundwa.

Bragg hakuzaliwa staa. Alianza na kibendi chake kiitwacho Riff Raff mwaka 1977, hakikufika mbali. Aprili 1978 alikwenda kwenye tamasha la kupinga ubaguzi wa rangi katika bustani ya Victoria Park, The Clash wakapiga, na mwenyewe amesema mara nyingi kwamba siku ile ilimbadilisha. Mwaka 1981, muziki ukiwa haulipi, akajiunga na jeshi. Alikaa miezi mitatu tu, akalipa pauni 175 ili aachiwe, akarudi uraiani na gitaa lake.

Hapo ndipo alipoamua kufanya kazi peke yake. Mtu mmoja, gitaa moja la umeme, basi. Kuna wakati alikuwa anabeba spika mgongoni na kupiga barabarani kama mchuuzi wa kahawa anavyotembea na birika lake.

Albamu yake ya kwanza, Life's a Riot with Spy vs Spy, ilitoka mwaka 1983. Nyimbo saba, kama dakika 16 hivi. Huo ni muda wa kukaanga ndizi! Siku moja akamsikia mtangazaji maarufu wa BBC, John Peel, akisema redioni kwamba ana njaa na anatamani biriani ya uyoga. Jamaa hakulaza damu. Alinunua biriani, akaipeleka BBC pamoja na santuri yake. Peel akaupiga wimbo wake, tena kwa mwendo usio sahihi kwa sababu santuri ile ilikatwa kwa mizunguko 45 na si 33. Lakini jina likaanza kusikika.

Mume wangu aliponisimulia kisa hiki tulikuwa wachumba. Nilicheka, halafu nikamuuliza, "Na wewe biriani yako umempelekea nani?" Akanyamaza. Alikuwa na nyimbo zaidi ya kumi kichwani na hakuna hata moja iliyowahi kutoka nje ya chumba chetu.

Beti la Kirsty

Watu wanadhani mtu anayepanda jukwaani peke yake ni mbinafsi. Kwa Bragg ni kinyume. Ukifuatilia kazi zake utaona karibu kila hatua kubwa aliipiga akiwa na mtu mwingine.

Chukua wimbo wake A New England. Ni wimbo wa kijana ambaye habari za kubadilisha dunia hana nazo, anachotaka ni msichana. Mwimbaji Kirsty MacColl aliupenda akataka kuurudia, lakini ulikuwa mfupi mno. Bragg hakununa. Alikaa chini akamwandikia beti la ziada. Wimbo ule kwa sauti ya Kirsty ukapanda hadi namba 7 katika chati za Uingereza mwaka 1985, mahali ambapo mwenye wimbo hakuwa ameufikisha.

Hebu fikiria hapo. Mwenzio anachukua kitu chako, anakifanya kiwe kikubwa kuliko ulivyokifanya wewe, na wewe unamwongezea maneno! Wanandoa wangapi tunaweza? Mwanaume akiona mshahara wa mkewe umempita, wengine hata chakula cha usiku hakishuki.

Kirsty alifariki Desemba 2000 huko Mexico, akiogelea na wanawe, alipogongwa na boti iendayo kasi. Tangu hapo Bragg akiimba wimbo ule jukwaani huliimba na lile beti, kwa kumkumbuka. Nilipomwona kwa macho yangu, ukumbi mzima uliimba naye. Mume wangu alinishika mkono akausahau mkononi mwake mpaka wimbo ulipoisha. Kwa mtu ambaye mapenzi hayaonyeshi hadharani, hilo kwangu lilikuwa zawadi ya mwaka.

Kumshirikisha marehemu

Sasa tufike kwenye daftari.

Baba mkwe wangu alikuwa mpiga saksafoni wa muziki wa dansi Dar es Salaam miaka ya 1970. Enzi zile bendi nyingi zilikuwa za mashirika na taasisi. Vyombo si vyako, sare si yako. Ukiacha kazi unatoka na mikono yako. Mzee alitoka hivyo hivyo. Alichobaki nacho ni daftari kubwa la jalada gumu, lile tunaloita kaunta buku, lenye maneno ya nyimbo alizotunga akiwa nyumbani. Maneno matupu. Tuni alikuwa nazo kichwani, na alipofariki mwaka 2009 akaondoka nazo.

Mume wangu hakuwahi mazishi. Karatasi zake za ukaazi zilikuwa zimekwama katika ofisi moja huku, na kutoka bila karatasi maana yake usirudi. Alimzika baba yake kwa simu, amekaa ukingoni mwa kitanda, dada yake akimweleza kila kinachoendelea. Tangu siku hiyo gitaa lilikaa kwenye mfuko wake nyuma ya kabati. Mimi sikuligusa, sikuuliza.

Bragg naye alimpoteza baba yake akiwa na miaka 18. Wimbo wa kumwelezea, Tank Park Salute, haukutoka mpaka mwaka 1991, kama miaka kumi na mitano baadaye. Najua baadhi yenu mnaishi na mume au mke aliyefiwa, na mnajiuliza hii huzuni itaisha lini. Msimpangie tarehe.

Kilichomfungua mume wangu ni albamu moja, Mermaid Avenue, ya mwaka 1998. Kisa chake ni hiki. Woody Guthrie, baba wa nyimbo za kiasili Marekani, alifariki mwaka 1967 baada ya kuugua miaka mingi ugonjwa wa Huntington. Aliacha maneno ya nyimbo zaidi ya elfu moja ambayo hayakuwa na muziki, kwa sababu tuni hazikuandikwa popote. Binti yake, Nora Guthrie, aliyahifadhi. Katika miaka ya 1990 akamwendea Bragg akamwomba ayatilie muziki mpya. Hakutaka mtu wa kuigiza sauti ya baba yake. Alitaka mtu wa kizazi kingine aongee na baba yake kama mwenzake.

Bragg akaiita bendi ya Marekani, Wilco, na mwimbaji Natalie Merchant akaingia pia. Jina la albamu ni la mtaa wa Coney Island, New York, ambako familia ya Guthrie iliishi. Ndani yake kuna Guthrie ambaye watu hawakumjua. Yule mtu wa maandamano na vyama vya wafanyakazi ameandika hata wimbo wa kumtamani nyota wa sinema Ingrid Bergman! Sehemu ya pili ikatoka mwaka 2000, na zote mbili zikateuliwa kuwania tuzo za Grammy.

Mume wangu aliisikiliza albamu ile kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha akasema, "Mke wangu, nataka daftari la baba."

Wifi akasema hapana

Daftari analo wifi yangu mkubwa, Dar es Salaam. Yeye ndiye aliyemuuguza mzee mpaka dakika ya mwisho. Jibu lake lilikuja kwa sauti kwenye simu, dakika nne nzima, na sikiliza hoja yake maana si ya kupuuza.

Alisema, "Baba aliyaacha bila muziki. Nyie mkiweka tuni yenu, kesho watu watasema ndiyo tuni ya baba. Mtakuwa mmemzika mara ya pili."

Mume wangu alikasirika. Wakakaa miezi sita hawasalimiani, na kila Idi mimi ndiye nilikuwa daraja. "Wifi, mwambie kaka yako shikamoo yake nimeipata kwako." Unajua inavyokuwa. Nyumba ikiwa na watu wawili wasiosemeana, hata aliye umbali wa nchi kadhaa anakaa mezani nanyi.

Mimi kama mhasibu sikuegemea upande wowote. Niliuliza maswali ya kwenye karatasi. Maneno ni mali ya nani? Kwa sheria ya Tanzania hakimiliki inadumu miaka 50 baada ya mtunzi kufariki, kwa hiyo yale maneno ni sehemu ya mirathi, si ya mume wangu peke yake wala ya wifi peke yake. Studio italipwa na nini? Akiba yetu ilikuwa ya kiwanja Kigamboni, na nilikuwa sijafikia hatua ya kuuza kiwanja kwa ajili ya tuni. Na jina la nani litatangulia kwenye wimbo?

Hapo Mermaid Avenue ikatusaidia tena, lakini upande wa pili wa kaseti. Kwa maana kolabo ile haikuwa asali tupu. Bragg na Wilco walivutana juu ya namna ya kuchanganya sauti, mwisho kila upande ukazishughulikia nyimbo zake. Ugomvi wenyewe unaonekana katika filamu ya Man in the Sand. Lakini kazi ilitoka, na kwenye kila wimbo imeandikwa wazi: maneno ni ya Guthrie, muziki ni wa fulani. Hakuna aliyejifanya marehemu ndiye aliyetunga tuni.

Nikamwandikia wifi hayo. Sikumbembeleza. Nilimwambia hofu yake ina jibu, na jibu ni kuandika ukweli kwenye jalada.

Wiki tatu kimya. Kisha akajibu kwa masharti. Daftari halitoki Dar. Atapiga picha ukurasa mmoja mmoja kwa simu, na ukurasa wa pili hautakuja mpaka auone wa kwanza umefanywa nini. Jina la mzee litangulie. Senti yoyote itakayopatikana igawanywe kama mirathi. Mume wangu aliposoma akasema, "Dada huyu angekuwa meneja wa Bragg." Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimtania dada yake tangu ugomvi uanze.

Siku tano, si mwezi

Lililobaki lilikuwa pesa, na hapa tulibishana mimi na yeye, tena sana. Yeye alitaka studio wiki mbili. Mimi nikamletea mfano wake mwenyewe. Albamu ya Tooth & Nail, ya mwaka 2013, Bragg aliirekodi kwa siku tano tu, kwenye studio iliyo chini ya nyumba ya prodyuza Joe Henry huko California. Ndani yake kuna Handyman Blues, wimbo wa mume anayekiri kwamba kupigilia msumari ukutani hajui, kuziba bomba hajui, anachojua ni kuandika. Shoga yangu, kama unaye wa aina hiyo ndani ya nyumba, utacheka mpaka ulie.

Na hao hao wawili, Bragg na Henry, mwaka 2016 walipanda garimoshi Chicago mpaka Los Angeles na magitaa yao. Safari ya maili 2,728, zaidi ya mara mbili ya reli ya TAZARA kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi. Treni ikisimama wanashuka, wanaimba wimbo wa zamani wa reli kwenye chumba cha abiria au kando ya behewa, wanarekodi, kisha wanakimbia kurudi kabla haijawaacha. Huko San Antonio walirekodi katika hoteli ileile ambamo Robert Johnson, mkongwe wa bluzi, alirekodi mwaka 1936. Albamu hiyo inaitwa Shine a Light. Ukiisikiliza vizuri unasikia kituo.

Tukakubaliana: siku mbili za studio, pesa ya kiwanja haiguswi, na mazoezi yote yafanyike nyumbani kwanza. Sebule yetu ikawa stesheni. Mtoto wetu mkubwa, anayejua kompyuta kuliko sisi sote, akashika mitambo ya kurekodi mazoezi. Kumbe hata hilo Bragg ametutangulia. Albamu yake ya mwaka 2021, The Million Things That Never Happened, iliyozaliwa wakati wa korona, inafungwa na wimbo alioandika pamoja na mwanawe, Jack Valero.

Mkongwe haachi kujibu

Kuna jambo jingine ninalompendea mzee huyu, na wanaoishi Barking watanielewa. Mwaka 2006 chama kimoja cha wabaguzi kilipata viti kadhaa katika baraza la hapa kwetu. Miaka minne tu kabla, Bragg alikuwa ametoa albamu ya England, Half English, kuonyesha kwamba Uingereza yenyewe ni mchanganyiko. Mwaka 2010 kiongozi wa chama kile alipogombea ubunge hapa, Bragg alirudi mtaani kwao kupiga kampeni dhidi yake. Kiongozi akashindwa, na viti vyote vya baraza vikapotea. Mimi na majirani zangu wa kila rangi tunapanga foleni ya basi moja, na naijua thamani ya mwaka ule.

Hata sasa hajapoa. Agosti 2023 wimbo wa Oliver Anthony, Rich Men North of Richmond, ulipovuma duniani, Bragg alisikia unavyowasema maskini, na katika siku chache akautolea jibu lake. Wapenzi wa taarabu mnaijua hiyo. Mipasho haina umri!

Na maonyesho yake? Kuanzia mwaka 2019 amekuwa na mtindo wa kupiga mji mmoja siku tatu mfululizo. Usiku wa kwanza nyimbo za kazi yake yote, wa pili za albamu tatu za mwanzo, wa tatu za albamu tatu zilizofuata. Mwaka 2023 akatimiza miaka 40 tangu santuri ile ya dakika 16, akatoa mkusanyiko uitwao The Roaring Forty. Mtu anayeweza kusimama mbele ya watu na kuimba alichoandika akiwa na miaka 25, bila kukionea aibu na bila kujifanya bado ana miaka 25, huyo amefanya kazi ndani ya nafsi yake. Nami naitamani ndoa ya namna hiyo, ya watu wawili wanaoweza kuzisoma barua zao za uchumba bila kukunja uso.

Ukurasa wa kwanza

Wimbo wa mzee tuliurekodi mwaka juzi, miaka kumi na mitano tangu atuache. Ni wa mapenzi. Mzee anamsubiri mtu kivukoni, jina halitajwi, na sote tunajua si mama mkwe. Mume wangu aliuweka kwenye gitaa moja na sauti moja, bila saksafoni. Nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Hiyo nafasi ni yake. Iache wazi."

Tulimtumia wifi usiku. Asubuhi tukakuta alama mbili za buluu na hakuna neno. Mchana hivyo hivyo. Mume wangu alikwenda kazini akarudi, hakula. Hakukuwa na la kumwambia nikajaribu, nikamkalia tu karibu.

Siku ya tatu simu ikapigwa. Wifi hakuniomba nimpe kaka yake. Alisema, "Wifi, weka spika." Akaimba ubeti wa kwanza wote, kwa tuni ya mume wangu, na mahali pawili aliikosea. Mume wangu hakumsahihisha.

Wimbo haujapanda chati yoyote wala haujatuletea hela ya kununua hata tofali moja. Kaka na dada wanapigiana kila Jumapili, na wakati mwingine nasikia wakibishana kuhusu noti moja kama vile mzee yupo chumba cha pili.

Wiki iliyopita picha nyingine imeingia kwenye simu. Ukurasa wa pili, mwandiko wa mzee umefifia kwenye kona. Chini yake wifi ameandika maneno matatu tu: "Huu msiuharakishe."